Kaburi Lililo Ndani ya Waya

Kwetu mtu haonyeshi kaburi kwa kidole. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba kidole kilichoelekezwa kaburini huoza, na mtoto aliyejisahau akanyoosha alilazimishwa akiume mpaka machozi yamtoke, ndipo apone. Ukitaka kumwelekeza mtu, unachongoa midomo upande ule, au unainua kidevu, naye anaelewa. Naanza na jambo hili kwa sababu asiyelijua ataona haya mengine yote ni mambo ya wapumbavu.

Mama yangu alifariki wakati wa kujifungua, yeye na mtoto, mimi nikiwa mdogo. Walizikwa nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya ziwa, na baba akalundika mawe juu ya kaburi. Mimi nilipelekwa kwa bibi, mama yake mama, upande wa Nyegezi. Nikakulia huko, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa baba sina mtoto wala godoro. Baba hakuwa mtu wa maneno matamu. Alinitazama nimesimama mlangoni na mzigo wangu, akasema, "Umerudi kama mtungi uliotoboka. Haya ingia. Hata mtungi uliotoboka unafaa kufunikia kuku."

Nikaingia. Nilikaa naye mpaka mwisho wake.

Wakati huo watu walikuwa wameshahamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani na kupangwa kijijini, nyumba kwa mistari. Mji wetu wa zamani ulikuwa mahame. Paa lilikuwa limeezuliwa, kuta zilikuwa zikiyeyuka kwa mvua, uzio wa minyaa ulikuwa umejiotea ovyo. Palikuwa si mbali na kijiji, na baba alikwenda pale karibu kila siku kupalilia mihogo yake. Kuhamishwa kulimuuma, lakini hakulalamika sana, kwa sababu alikuwa na jambo moja aliloliweka moyoni: akifa, arudishwe mahame alazwe kando ya mke wake. Alishamwambia mdogo wake, ambaye mimi namwita baba mdogo. Alishamwambia balozi wetu wa nyumba kumi. Aliniambia mimi mara nyingi, hasa nilipokuwa nimemuudhi. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha, mtoto wa kiume hakuwa naye. Kilichobaki kwake kilikuwa mahali pa kulala.

Ng'ambo ya mahame kulikuwa na uwanja wa ndege. Tuliuzoea kama watu wanavyozoea jirani mkimya. Ndege ilikuja, ilikwenda, mbuzi walirudi kula majani kandokando ya njia yake. Kisha zikaja habari kwamba uwanja utapanuliwa, utakuwa kambi, na mahame yote ya upande wetu yataingia ndani yake. Tukaambiwa mwenye kaburi huko asiogope, serikali inaheshimu wafu, makaburi yatafukuliwa kwa utaratibu na kuhamishiwa kwenye makaburi ya kijiji. Kila mwenye wafu aje siku fulani awaonyeshe wapima ardhi.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimepeleka dagaa sokoni Mkuyuni. Yaliyotokea nilisimuliwa jioni na balozi, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

Alisema walikuta kamba imeshafungwa kuzunguka eneo lote na askari amesimama. Aliyeivuka alirudishwa, kwa sababu kuanzia asubuhi ile ardhi haikuwa yetu tena. Mpima ardhi, kijana wa mjini mwenye kofia ya majani, alikuwa ndani ya kamba na vigingi vyake, na wazee walikuwa nje. Kila mzee aliitwa kuelekeza kaburi kutoka pale alipo. Wengine walifumba macho wakanyoosha kidole, kisha wakakitafuna hadharani kama watoto. Zamu ya baba ikafika.

"Mzee, kaburi lako liko wapi?"

Baba akachongoa midomo. "Pale."

"Pale wapi? Onyesha."

Baba akachongoa tena. Sasa pale nyuma ya nyumba palikuwa na marundo mawili ya mawe, moja la kaburi na jingine la mawe yaliyokuwa yamebeba kihenge chetu cha mtama. Kwa midomo ya mtu aliye mbali huwezi kujua ni lipi. Mpima ardhi akaenda penye kihenge, akasimama, akauliza, "Hapa?"

"Siyo hapo."

"Basi nyoosha kidole, mzee. Una kidole au huna?"

Baba akataka kuvuka kamba aende mwenyewe akasimame pale. Askari akamsukuma kifuani kwa kiganja. Baba akachongoa midomo mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, mpaka shingo ikatoka mishipa, na mpima ardhi akawageukia wenzake. "Jamani, mzee huyu anataka kunibusu!" Watu wote wakacheka, wa ndani ya kamba na wa nje ya kamba. Kisha akagonga kigingi penye kihenge, akaita mwingine.

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo," nikamwambia balozi. "Kaburi la mama unalijua. Si ungesema?"

Akapangusa machozi ya kicheko. "Binti, mwenye kaburi ni yeye. Mimi ninyooshe kidole changu kwa ajili ya mke wa mtu?"

Baba alirudi nyumbani hakula. Nilimwambia kesho nitakwenda kuongea nao. Akasema, "Wewe utaongea na nani? Mume wako mwenyewe hakukusikiliza." Hata hivyo nilikwenda, nikaambiwa vigingi vimeshapigwa, kama kuna kosa litaonekana siku ya kufukua.

Kwa siku ya kufukua tulinunua bafta nyeupe ya kufungia mifupa. Nguo zilikuwa adimu miaka ile. Nilipanga foleni mbele ya duka la Mhindi mjini tangu alfajiri, na mwenye duka aliposikia ni ya maiti akaikata bila kubana kipimo. Tulikwenda mimi, baba na baba mdogo, tumebeba ile bafta kama watu waendao kumpokea mzazi aliyejifungua. Wachimbaji wakachimba penye kigingi. Walitoa mawe, wakatoa udongo mwekundu, wakafika kwenye mchanga mgumu. Hakukuwa na kitu. Baba alikuwa akitazama upande mwingine. Tingatinga lilikuwa limetangulia asubuhi. Rundo la pili halikuwapo, wala minyaa, wala ukuta wa nyumba. Palikuwa pekundu, tambarare, kama pamenyolewa.

Msimamizi wa wachimbaji akatushukia. "Mzee, ulitaka fidia ya kaburi la kihenge?"

"Mke wangu yupo," baba akasema.

"Yupo wapi?"

Baba akachongoa midomo kuelekea kule kwekundu. Msimamizi akatema mate. "Funikeni shimo," akawaambia watu wake. "Huyu alizika mtama."

Jina hilo halikumwacha. Kijijini akawa Mzee Alizika Mtama. Watoto waliimba wakimpita. Bafta niliikunja nikaiweka chini ya nguo zangu.

Vita vilipoanza, afisa mmoja kutoka kambini aliitisha mkutano kijijini. Alikuwa mtu wa kueleza vizuri, nadhani aliwahi kuwa mwalimu. Alichora ardhini kwa fimbo, duara kubwa likawa ziwa. "Hapa ni sisi. Kule ni adui. Huku magharibi wako vijana wetu, wanapigana. Ndege inayotoka pwani ikifika hapa imechoka, lazima inywe mafuta. Ikitoka hapa inavuka maji haya, hakuna mlima wa kuizuia, inafika kule kabla uji wako haujapoa. Uwanja huu ndio paa la wale vijana. Ukivunjika, wananyeshewa. Ndiyo maana adui anautaka kuliko mji mzima wa Mwanza."

Mama mmoja akauliza, "Sasa sisi tulio kando ya paa, mkubwa?"

"Ninyi ni askari pia, mama."

"Bunduki zetu ziko wapi?" mtu akasema nyuma, watu wakacheka kidogo.

Afisa akaagiza mabati yapakwe tope yasing'ae, dagaa wasianikwe kwenye mawe yaliyo karibu na uwanja kwa sababu wanavuta ndege wa angani, na ndege wa angani wakiingia kwenye injini wanaua rubani. Hapo ndipo riziki yangu ilipokatika. Nilielewa sababu. Kuelewa hakukupika ugali.

Alipouliza kama kuna swali jingine, baba akasimama. Alikuwa hajasema neno mkutanoni tangu ahamishiwe kijijini.

"Ndege zenu, zikilala, zinalala wapi?"

Afisa akashusha fimbo yake. "Kwa nini unauliza, mzee?"

Baba akaketi. Alikuwa anataka kujua kama zinalala juu ya mke wake. Mimi nilijua, baba mdogo alijua, balozi alijua. Lakini watu waliokuwa wamecheka muda ule ule sasa waligeuka wakamwangalia kwa jicho jingine.

Kuanzia hapo kila mchana baba alichukua kigoda chake akaenda kukaa karibu na waya wa seng'enge uliozungushiwa kambi. Ndani ya waya mahame yetu yalikuwa yamekuwa mahali pa kuegesha ndege. Aliniambia anaweza kupajua pale pale, kwa jabali lenye ufa lililo mlimani na pembe ya kilima cha pili. "Ukisimama ukaviona vimepangana hivi, mke wangu yuko katikati," alisema. Ndege ilipoondoka alisimama, ilipotoweka juu ya ziwa aliketi. Nilimwomba aache. Nilimwambia watu wanasema. Akanijibu, "Watu walisema mimi nilizika mtama. Wamechoka na mtama sasa?"

Kisimani jirani yangu mmoja, mwanamke niliyekuwa nikimsuka nywele, aliniuliza mbele ya wenzake, "Shoga, mama yako leo amekwenda vitani mara ngapi?" Wakacheka wote, na mmoja akaongeza, "Muulize baba yake, yeye ndiye anayehesabu." Nikajitwisha ndoo nikaondoka. Kilichoniumiza ni lile neno la kuhesabu, maana nilijua litafika mahali.

Lilifika. Vijana wa mgambo wa kijiji walimchukua baba pale kwenye waya pamoja na kigoda chake, wakamfungia kwenye ghala la pamba. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa mtaa wetu, aliyekuwa akimwamkia baba kila asubuhi. Nilikwenda na uji, wakanizuia mlangoni. Mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana, nilisikia kila neno.

"Unahesabu ndege, mzee?"

"Sihesabu."

"Unatafuta nini pale?"

"Namtafuta mke wangu."

Kikasikika kipigo, wala si kikubwa, kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Mke wako yuko ndani ya ndege?"

"Chini yake."

"Chini yake kuna nini?"

"Shikamoo," nikaita kwa sauti kupitia mlangoni. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka yule kijana akumbuke. Akafungua mlango nusu, jasho likimtoka, akasema, "Dada, nenda nyumbani. Sisi hatumwonei mtu. Kama hana kosa atatoka."

Alitoka, maana hakuwa na kosa. Afisa yule wa mkutano ndiye aliyemtoa. Alipita kijijini kwa shughuli nyingine, balozi akamweleza habari za mzee na kaburi. Balozi alifanya jema hilo na nisipolisema nitakuwa nimemdhulumu. Lakini baba alipotoka alikuwa akitembea ameinama upande, ameshika mbavu, na siku zilizofuata akaanza kukohoa damu. Hospitali ilikuwa imejaa vijana wa vita. Walimpa vidonge wakatuambia turudi naye nyumbani.

Afisa akaja kwetu mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda, akaamkia, baba akaitikia marahaba akiwa amelala.

"Mzee, nimesikia. Sikujua. Unataka nini?"

"Nikifa nilale naye."

"Kaburi unalijua lilipo?"

"Nalijua."

"Basi ukipata nguvu njoo kwenye waya, unionyeshe. Mimi siahidi kitu. Ila unionyeshe kwa mkono, siyo kwa mdomo. Hilo la mdomo nimesimuliwa." Akatabasamu. Baba hakutabasamu.

Tulimpeleka kwa mkokoteni, baba mdogo akisukuma, mimi nikimshika mgongo. Ilikuwa mchana, ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Kabla ya kutoka nyumbani baba aliniagiza nimletee ile bafta. Akachana ukanda mwembamba pembeni, akaufumbata kiganjani.

Pale kwenye waya tukamsimamisha. Afisa alikuwa upande wa ndani na askari wawili. Baba alitafuta jabali lake lenye ufa, akatafuta kilima chake, akasogea hatua kulia, akasogea kidogo tena. Mimi nilisimama nyuma yake, kidevu changu kikiwa begani kwake, nikayaona aliyoyaona. Ndipo akainua mkono wa kulia. Baba mdogo aligeuza uso. Baba akanyoosha kidole, akakipitisha katikati ya seng'enge, akaelekeza.

Kwenye ncha ya kidole chake, ndani, kulikuwa na ndege imefunikwa kwa nyavu za kijani. Chini ya bawa lake mafundi wawili walikuwa wamekaa wanakula mihogo.

Afisa alifuata kidole kwa macho, akayarudisha kwenye uso wa baba. "Hapo?"

"Hapo."

"Pale chini ya bawa?"

"Kichwa kiko upande wa mlima."

Afisa alivua kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwapo, akaivaa. "Mzee, pale hapawezi kuchimbwa. Pale ndipo inaposimama ile ndege inayotangulia kuruka. Ukichimba pale hata usiku mmoja, wale vijana niliowaambia habari zao..." Hakumaliza. "Vita vikiisha, njooni. Nitakumbuka."

"Mimi sifiki huko," baba akasema.

"Nitakumbuka mimi."

Baba akarudisha mkono. Hakukiuma kidole. Alikifunga kwa ule ukanda wa bafta, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu aliyejikata kwa panga, akauning'iniza mkono kifuani. Akatuambia turudi. Njiani akaniita mayu, neno ambalo kwetu mtu humwita mama yake na pia binti anayempenda. Hakuwahi kuniita hivyo kabla wala baadaye. Alisema, "Mayu, umepaona?"

Nikasema nimepaona.

Alikufa mvua zikiwa zimeanza. Waliomwosha ni baba mdogo na mzee mwingine, lakini mimi niliitwa niingie, kwa sababu walishindwa kuamua juu ya kile kidole. Kilikuwa bado kimefungwa. Hakuwahi kukifungua tangu siku ile, alikula nacho hivyo hivyo. Yule mzee alisema tusikifungue, huenda kimeoza, tutaleta balaa. Baba mdogo alisema mtu haendi kaburini na kidonda kichafu. Wakanitazama mimi. Nikakaa chini, nikaufungua ukanda.

Kidole kilikuwa kizima. Kilikuwa kimekunjamana na kuwa cheupe kidogo kwa kukosa hewa, basi. Ukucha wake ulihitaji kukatwa. Nikaukata.

Bafta iliyobaki tulimfunga yeye. Tulimzika kwenye makaburi ya kijiji, kwenye mstari, kati ya mtu aliyekufa kwa surua na mgeni asiyejulikana kwao. Wakati wa kushusha maiti ndege ikaruka. Ilipita juu yetu ikielekea ziwani, chini kabisa, kiasi kwamba mwenye kuomba alinyamaza akisubiri. Wanaume wote walioshika kamba waliinua macho. Hata yule kijana wa mgambo alikuwepo, ameshika koleo, naye aliinua macho. Watoto wakapiga makofi. Jeneza hatukuwa nalo, na mwili uligonga pembeni ya shimo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiutazama.

Vita viliisha. Vijana walirudi, tukawapokea kwa vigelegele barabarani, na mimi nilipiga kama wengine kwa sababu walikuwa watoto wa watu. Nilisubiri mpaka shamrashamra zikatulia, nikavaa khanga safi, nikaenda lango la kambi. Nilimwulizia yule afisa. Wakaniambia hakurudi. Nikauliza kama amehamishwa. Askari wa langoni akasema, "Mama, nimekwambia hakurudi," kwa sauti ya upole, nikaelewa.

Nikamweleza habari yangu, kwa ufupi, kwamba nina mama yangu ndani, na kwamba niliahidiwa. Alikuwa kijana mzuri, alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita mwenzake ashike lango, akatembea nami nje ya waya mpaka mahali niliposema. Nikatafuta jabali lenye ufa. Nikatafuta kilima. Nikasogea kulia, nikasogea kidogo tena, mpaka vikapangana.

"Haya mama, onyesha."

Niliinua mkono wote, kidole mbele, nikakipitisha kwenye seng'enge.

Alifuata kidole changu kwa macho, akatazama sana, akajikinga jua kwa kiganja. Ndege haikuwapo siku ile. Palikuwa pameshamwagwa lami, nyeusi, mpya, hewa ya joto ikicheza juu yake.

"Pale pana lami tu, mama," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Chini yake."